Kufungua Gemu ya Mkononi Kigoma: Garantii ya Nani Inayopotea?

Anayenunua gemu ya mkononi Kigoma leo, iwe PSP ya mtumba, Nintendo Switch iliyopitia Kariakoo au mashine ndogo ya Kichina yenye maelfu ya gemu ndani ya kadi, hupata ushauri unaogongana kabla hajaizoea. Fundi anamwambia aifungue tu, la sivyo atacheza gemu moja mwaka mzima. Muuzaji anamwonya kwamba ikiguswa na bisibisi, waranti imekufa. Jamaa aliyeko Dar es Salaam anampigia kumwambia kampuni itaifungia. Na mwingine, akikumbuka simu feki zilivyozimwa Juni 2016, anadai kwamba kufungua kifaa ni kosa la jinai.

Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, lakini hawazungumzii kitu kimoja. Anayeumia ni mnunuzi, hasa yule wa nje ya mji. Mzazi wa Simbo, kata iliyo kwenye barabara ya kuelekea Ilagala na Kalya, anayemnunulia mwanawe kifaa kwa fedha ya mawese au mahindi, hana nafasi ya kununua kingine kikiharibika. Anastahili kuelezwa kwa utaratibu nini kinahatarishwa, na nani atalipa.

Hoja ya uchambuzi huu ni moja. Garantii inayotajwa sana katika mabishano haya, ile ya kiwanda, kwa mtu wa Kigoma kwa kawaida haikufika kabisa. Wengi huhitimisha kwamba kwa hiyo hakuna cha kupoteza. Naona kinyume chake: pasipo garantii kufungua ni ghali zaidi, kwa sababu hasara yote humwangukia mwenye kifaa.

Kinachofunguliwa ni nini

Kwenye meza ya fundi mara nyingi mambo manne tofauti huuzwa kwa bei moja. La kwanza ni kufungua kasha: kubadili betri iliyovimba, skrini iliyopasuka, sehemu ya chaji iliyolegea au stiki inayosogea yenyewe bila kuguswa. Hayo ni matengenezo ya kawaida, na kufuli ya programu haiguswi. La pili ni kubadili programu endeshi, yaani kuondoa ile ya kiwandani au kuweka nyingine juu yake. La tatu ni kuzima ukaguzi. Gemu halali hubeba sahihi ya kidijitali ya kampuni, na mashine hukataa kuendesha chochote kisicho na sahihi hiyo. Ufunguzi huifanya iache kuuliza. La nne ni kupakia gemu zilizonakiliwa bila malipo.

Mtu anaweza kufanya la kwanza asifike la pili, au akafika la tatu kwa ajili ya gemu alizotunga mwenyewe na programu huria, asiguse kabisa la nne. Athari zake kwa garantii na kwa sheria hazifanani, na ndiyo maana jibu moja la "ndiyo" au "hapana" haliwezi kutosha.

Hofu ya jinai iliyotajwa juu inatoka kwenye simu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakataza kubadili IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na chini ya sheria hiyo Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizima simu bandia usiku wa 16 Juni 2016, baada ya wananchi kuhimizwa kubonyeza *#06# na kutuma namba hiyo kwenda 15090. Karibu gemu zote za mkononi hazina IMEI, kwa kuwa haziingii mtandao wa simu. PS Vita ya 3G, iliyokuwa na nafasi ya laini, ni kati ya chache zilizo nayo. Kwa hiyo anayefungua PSP hajagusa kifungu hicho. Kinachomhusu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayolinda programu za kompyuta kama kazi nyingine za ubunifu, pamoja na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayogusa ukiukaji wa haki miliki kwa njia ya kompyuta. Uzito wa sheria hizo unaangukia jambo la nne, yaani kunakili, na humwangukia zaidi anayenakili kwa biashara.

Kutoka PSP hadi Switch

Hatari ya kufungua imebadilika sana kwa miaka 20, na ushauri mwingi wa mitaani bado ni wa zamani.

Sony ilianza kuuza PSP Japani Desemba 2004, na Ulaya Septemba 2005. Programu endeshi za mwanzo zilikuwa na mianya, na kila Sony ilipotoa toleo jipya kuziba mmoja, wadukuzi walitafuta mwingine. Mwaka 2007 ikaja njia iliyobadili hesabu nzima: betri ya Pandora. Kila betri ya PSP ina chipu ndogo yenye namba yake. Namba hiyo ikibadilishwa kuwa ile maalumu ya mafundi wa kiwandani, mashine huiona betri inapochomekwa, ikaiacha kumbukumbu yake ya ndani na kuwakia kwenye kadi. Waliozijua PSP wakati huo wanakumbuka kwamba betri hiyo haikuwa ya kufungulia tu. Ilifufua mashine zilizokwisha kufa. PSP iliyokatikiwa umeme katikati ya kuandikiwa programu, isiyowaka wala kuonyesha chochote, ilirudi kwa betri na kadi.

Hapo ndipo ilipozaliwa imani ya mafundi wengi kwamba kifaa kikifa kwa programu kinaweza kurudishwa kwa programu. Kwa PSP za mwanzo imani hiyo ilikuwa sahihi. Mwaka 2008 ilipotoka PSP-3000, mlango wa betri ulifungwa, na ufunguzi wake ukawa wa muda: ukizima mashine kabisa inarudi ilivyokuwa, nawe unaanza upya. Hilo linaonekana kero, lakini kwa hatari ni afadhali, maana programu ya kiwandani inabaki mahali pake.

PS Vita ilipitia njia hiyohiyo, ikafunguliwa kwa upana mwaka 2016. Kwa Nintendo Switch, iliyotoka Machi 2017, hali ikawa tofauti. Aprili 2018 watafiti walitangaza kasoro ndani ya chipu yake ya Tegra X1, katika sehemu inayosomwa kabla ya programu nyingine yoyote na isiyoweza kuandikwa upya. Mashine zilizokwisha kuuzwa hazikuweza kuzibwa; kampuni ilirekebisha zile zilizotengenezwa baadaye. Matokeo yake ni kwamba Switch za mwanzo hufunguliwa bila kugusa kasha, na za baadaye, pamoja na Switch Lite ya 2019 na ile ya OLED ya 2021, huhitaji chipu ya ziada kuunganishwa kwa risasi kwenye ubao mkuu, kwenye vidude vidogo kuliko punje ya mchele. Mkono ukitetemeka, au joto la pasi likizidi, ubao unakwenda. Fundi hodari wa kubadili sehemu ya chaji ya simu si lazima awe hodari wa kazi hii, na mzazi hana njia rahisi ya kuwatofautisha.

Garantii iko mikononi mwa nani

Neno waranti likitajwa dukani, ahadi zaidi ya moja huwa zimechanganywa.

Ya kwanza ni ya kiwanda. Kampuni kubwa za gemu hutoa garantii yenye mipaka ya eneo: mashine iliyouzwa Marekani inahudumiwa huko, ya Ulaya huko Ulaya. Nintendo na Sony hazijaweka Tanzania kati ya nchi zinazopata maduka yao ya mtandaoni. Kusini mwa Sahara, PlayStation Network inatambua Afrika Kusini. Valve, yenye Steam Deck, haiuzi mashine hiyo moja kwa moja barani Afrika. Switch iliyonunuliwa Dubai, ikapita Kariakoo, ikasafiri kilomita zipatazo 1,250 za reli ya kati au kwa basi hadi Kigoma, imeiacha garantii yake njiani. Ili kuitumia ingebidi irudishwe hadi eneo ilikouzwa, ikiwa na risiti ya huko, ambayo mara nyingi haipo. Kwa mashine ya mtumba hata muda wenyewe umekwisha.

Ya pili ni ya muuzaji: wiki moja, mwezi, miezi sita, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti au imesemwa kwa mdomo tu. Hii ndiyo garantii hai Kigoma. Ina nguvu kwa sababu muuzaji anafahamika, duka lake liko Mwanga au Ujiji, na jina lake ni mtaji. Na hii ndiyo inayopotea kweli kifaa kikifunguliwa, kwa sababu muuzaji ataangalia skrubu na stika, na akiona zimeguswa mazungumzo yamekwisha. Baadhi huweka stika zao wenyewe kwa ajili hiyo.

Ya tatu husahauliwa na karibu kila mtu: ile ya sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithi misingi ya Kiingereza, inahesabu kwamba bidhaa iliyouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo iwe na ubora wa kuuzika, na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi ameieleza. Sheria ya Ushindani ya 2003, iliyounda Tume ya Ushindani (FCC), nayo ina sehemu kuhusu masharti yanayohesabika kuwemo katika mkataba wa mlaji hata kama hayakuandikwa. Kwa hiyo maandishi ya "mali ikiuzwa hairudishwi" chini ya risiti hayapaswi kuchukuliwa kuwa neno la mwisho. Kuna tahadhari moja kubwa kwa wanunuzi wa mtumba: ukikikagua kifaa kabla ya kununua, kasoro ambazo ukaguzi huo ungepaswa kuzionyesha huwezi kuzilalamikia baadaye. Ndiyo maana inafaa kuwasha, kucheza, kuchaji na kujaribu kila kitufe papo hapo, mbele ya muuzaji.

Katika ahadi hii ya tatu, kufungua programu hakuondoi haki moja kwa moja. Kinachobadilika ni ushahidi. Skrini iliyokufa wiki ya pili haihusiani na programu iliyobadilishwa, lakini mwenye kifaa kilichofunguliwa atapata taabu kubwa kumshawishi yeyote. Na madai ya laki tatu au nne mara chache humtoa mtu Simbo kwenda kutafuta wakili. Haki ipo kwenye karatasi. Nguvu ya kuidai ni ndogo, na ufunguzi unaipunguza zaidi.

Wenzetu wa nje walivyolitatua

Marekani ina Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975, inayomzuia mtengenezaji kufunga garantii kwa sharti la kutumia vipuri au fundi wake pekee. Kwa msingi huo, Aprili 2018 Tume ya Biashara ya Marekani ilizionya kampuni sita, zikiwemo Sony, Microsoft na Nintendo, kuhusu maelezo ya aina ya "ukibandua stika hii garantii imekwisha". Kampuni haiwezi kukataa kutengeneza kwa sababu tu kasha limefunguliwa. Inapaswa kuonyesha kwamba kilichofanywa ndicho kilicholeta hitilafu.

Ulaya inamtazama muuzaji zaidi. Kwa Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2019, hitilafu ikitokea ndani ya mwaka wa kwanza huchukuliwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya mauzo, na ni muuzaji anayepaswa kuthibitisha vinginevyo. Kwa upande wa hakimiliki, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imejaribu kutenganisha mambo. Mwaka 2014, katika shauri la Nintendo dhidi ya PC Box, ilisema kinga ya kufuli za kampuni iwe na uwiano, na matumizi halisi ya kifaa kinachofungua yaangaliwe. Oktoba 2024, katika shauri la Sony dhidi ya Datel lililohusu programu ya PSP ya kurahisisha mchezo, ikaamua kwamba kubadili kwa muda namba zilizo kwenye kumbukumbu wakati gemu inaendelea si kuvunja hakimiliki ya programu yenyewe.

Upande wa pili wa mizani ni mzito vilevile. Gary Bowser, raia wa Kanada aliyekuwa katika kundi la Team Xecuter lililouza vifaa vya kufungulia Switch, alihukumiwa Marekani Februari 2022 kifungo cha miezi 40. Aliyefungwa alikuwa mfanyabiashara wa ufunguzi. Tofauti hiyo kati ya mwenye kifaa na anayefanya biashara ya kufungua na kunakili inaonekana karibu kila nchi, na mafundi wetu wangefaidika kuijua.

Mifano hii inatufaa kwa kiasi. Inatupa kanuni nzuri: anayekataa wajibu ndiye aonyeshe sababu. Lakini stika iliyo haramu Marekani haimsaidii mtu wa Ujiji ambaye hakuwa na wa kumpelekea mashine tangu mwanzo.

Hoja za wanaofungua

Hoja yao kubwa, nami naiona ya haki, ni kwamba mlango halali umefungwa. Asiye na duka la mtandaoni la nchi yake hujiandikisha kama mkazi wa nchi nyingine, hununua kadi za malipo kupitia watu wa kati, na huishi akijua akaunti yake imejengwa juu ya anwani ya uongo. Mwaka 2024 jambo hili lilionekana dunia nzima: Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation Network, gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na huduma hiyo, na sehemu kubwa ya Afrika ilikuwamo. Waliokuwa tayari kulipa walikosa pa kulipia. Anayemwita kijana wa Kigoma mwizi kwa kufungua mashine yake aanze kwa kujibu hilo.

Hoja ya pili ni uhifadhi. Duka la PSP lilifungwa Julai 2021. La Nintendo 3DS lilifungwa Machi 2023, na Aprili 2024 uchezaji wake wa mtandaoni ukazimwa. Utafiti wa Video Game History Foundation wa 2023 ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia halali. Kwa mwenye 3DS leo, kufungua ni njia ya kuendelea kutumia kitu alichokwisha kulipia.

Ya tatu ni matengenezo. Mashine iliyofunguliwa huruhusu kufanya nakala ya kumbukumbu yake ya ndani, kuhamisha hifadhi za michezo na kuirudisha programu ikiharibika. Mahali pasipo na kituo cha kampuni, uwezo huo ni mkubwa.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba hoja hizo nzuri hutumika kufunika jambo jingine. Wengi hawafungui ili kuhifadhi. Wanafungua ili kupata gemu mpya za mwezi huu bure. Gemu hizo zina watunzi, na baadhi yao ni vikundi vidogo vya watu wachache wanaoishi kwa mauzo. Afrika Mashariki nayo ina watunzi wa gemu wanaochipukia, na soko lililozoeshwa kwamba gemu haina bei litawakataa wao kwanza. Udhaifu mwingine ni kwamba faili za kufungulia hupitia mikononi mwa watu wengi. Kompyuta ya fundi inayopakua vifurushi kutoka kila mahali, huku simu za wateja zikichomekwa hapohapo, ni njia rahisi ya kusambaza virusi.

Hoja za wanaokataa

Wanaokataa hutaja garantii kwanza, nami nimeeleza kwa nini hiyo ndiyo hoja yao dhaifu zaidi kwa mazingira yetu. Wana hoja zenye nguvu zaidi ambazo hawazisemi vya kutosha.

Kufungiwa ni mojawapo. Nintendo hukifungia kifaa chenyewe, kwa utambulisho wake wa kiwandani, mbali na akaunti ya mtu. Mwenye kifaa akifungua akaunti mpya haimsaidii, na kifaa kikiuzwa adhabu inahama nacho. Baada ya Switch 2 kutoka tarehe 5 Juni 2025, watumiaji waliochomeka kadi za kunakilia waliripoti mashine kufungiwa huduma za mtandaoni. Mwezi mmoja kabla yake, Nintendo ilibadili masharti yake kwa wateja wa Marekani na kujipa uwezo wa kukifanya kifaa kisitumike kabisa. Soko letu linaendeshwa na mtumba, hivyo hili lina uzito wa pekee: mnunuzi wa Kigoma anaweza kununua Switch inayowaka vizuri, akagundua baada ya kuunganisha intaneti kwamba ilifungiwa ikiwa mikononi mwa mtu mwingine, katika nchi nyingine. Kabla ya kulipa, mashine iunganishwe na intaneti ya simu na duka lake lifunguliwe. Kama linakataa kwa ujumbe wa kifaa kuzuiwa, bei hiyo si yake.

Nyingine ni kifo cha kifaa. Wakati programu inaandikwa, umeme ukikatika, kumbukumbu hubaki nusu. Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa na Gridi ya Taifa, na wenyeji hawahitaji kufundishwa maana ya kukatikiwa. Gemu ya mkononi ina betri, na hilo huwapa watu faraja isiyo sahihi. Betri iliyochoka ya PSP huonyesha asilimia 60, kisha huanguka hadi sifuri ghafla kazi inapokuwa nzito. Kuandika programu ni kazi nzito. Mashine nyingi za mtumba zina betri za namna hiyo, au za bandia zenye uwezo ulioandikwa mkubwa kuliko uliomo. Betri ibadilishwe kwanza, programu baadaye. Anayefanya kinyume anacheza na kifaa cha mtu.

Udhaifu wa upande wa wanaokataa ni kwamba hawana jibu kwa aliyefungiwa mlango halali. Kumwambia asubiri huduma ifike Tanzania ni kumwambia akae na kifaa nusu, na miaka inapita.

Kupima

Jibu linategemea mashine, na hapa naeleza ninavyoona.

Kwa PSP, PS Vita na 3DS, faida imezidi hatari. Garantii ya kiwanda imekwisha, maduka yamekufa au yanakaribia kufa, njia za kufungua zimejaribiwa kwa miaka mingi, na kufungiwa hakuna maana tena. Kilichobaki kuogopwa ni betri na fundi asiye makini. Palipo na njia ya muda, ichaguliwe hiyo kuliko ya kudumu, hasa kwa kifaa cha mtoto.

Kwa Switch ya kwanza, ile isiyohitaji chipu, ni suala la matumizi. Asiyeunganisha intaneti kabisa hana kikubwa cha kufungiwa, ingawa atakosa masasisho, na gemu nyingi za siku hizi huuzwa zikiwa na kasoro zinazorekebishwa kwa masasisho. Kwa Switch zinazohitaji chipu, na kwa Switch 2, nashauri kutofungua. Hatari ya ubao, kufungiwa na kushuka kwa bei ya kuuzia havilipwi na gemu za bure. Mwenye nayo na anunue kadi halali za mtumba, acheze, auze, anunue nyingine. Kadi za Switch hazifungwi kwa eneo. Iliyouzwa Ulaya au Japani inacheza popote.

Steam Deck iko peke yake: Valve iliiacha wazi tangu ilipotoka Februari 2022. Mtu anaweza kuweka Windows, kubadili diski, kununua vipuri kwa kampuni ya iFixit, na hana kufuli ya kuvunja. Anayetozwa fedha "kuifungua" anatozwa bure. Mashine za Kichina kama R36S nazo hazina kufuli, kwani huendeshwa na Linux. Tatizo lao ni kadi duni inayokuja ndani, inayoweza kufa baada ya muda mfupi na kuondoka na kila kitu. Mnunuzi anunue kadi nzuri siku hiyohiyo na kuhamishia yaliyomo. Garantii inayofaa kuombwa kwa muuzaji wa mashine hizi ni ya skrini na betri.

Wenye mabanda ya gemu wanahitaji hesabu tofauti. Anayetoza watoto kwa saa kwa kutumia gemu za kunakili yuko kwenye biashara, na anasimama karibu zaidi na sheria ya hakimiliki kuliko kijana anayecheza nyumbani. Mashine zake pia hutumika kutwa nzima, na huharibika kwa joto na vumbi mapema kuliko kwa programu. Kwake, matengenezo ya kasha yana faida kubwa kuliko ufunguzi wowote.

Kwa mafundi kuna jambo moja ambalo lingeweza kuziba sehemu ya pengo la garantii, nalo halina gharama kubwa. Kabla ya kubadili chochote kwenye Switch au 3DS, inawezekana kunakili kumbukumbu yote ya ndani na kuihifadhi. Ndani ya nakala hiyo kuna funguo za kifaa hicho pekee. Nakala ya Switch ya jirani haiwezi kufufua ya kwako, hata kama ni za rangi moja na mwaka mmoja. Fundi aliyefanya nakala na kumkabidhi mteja kwenye kadi, pamoja na karatasi yenye namba ya kifaa, tarehe, alichobadili na muda anaowajibika, amempa mzazi wa Simbo garantii ambayo Nintendo haikumpa. Mzazi aulize habari ya nakala kabla ya kutoa fedha. Akijibiwa kwamba haina haja, mashine irudi mfukoni.